Maporomoko

Nilikulia Pangani, mahali mto unapomalizia safari yake. Kila mwaka, masika yakishakolea, maji ya mto yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya tofali, na wekundu ule ukaingia baharini mbali kiasi kwamba ungeweza kuuona mpaka wenyewe, kama umechorwa kwa kidole: huku maji ya mto, kule maji ya bahari. Wavuvi walinung'unika. Sisi watoto tuliogelea humo humo na kurudi nyumbani na kaptula zenye rangi isiyotoka kwa sabuni. Nilidhani ndivyo mito ilivyo wakati wa mvua, kama vile maembe yalivyo na msimu wake. Haikunijia kwamba ule wekundu ulikuwa kitu, na kwamba kitu hicho kilikuwa na mwenyewe.

Aprili 1998 nilikuwa na miaka 12. Waliokuwa na akili zao wakati ule hawajausahau mwaka huo: mvua za El Nino zilishika tangu miezi ya mwisho ya 1997, vuli ikapitiliza hadi ikakutana na masika, na redio jioni ikawa inataja barabara zilizokatika kwa sauti ile ile ya matangazo ya vifo. Babu mzaa mama alifariki Lushoto mwezi Machi. Habari zilipotufikia njia ilikuwa haipitiki, akazikwa mama akiwa hayupo. Arobaini, mama akasema, atafika hata kwa kutambaa.

Wa kutupandisha alikuwa mjomba. Kazi yake ilikuwa kushusha kabichi, karoti na viazi hadi Tanga mjini, kisha kurudi mlimani na nazi, chumvi na dagaa. Safari ile alipinda hadi Pangani kupakia nazi na kutuchukua sisi. Mama alikaa dirishani na kanga mbili, moja ya kujifunika, nyingine ya kufutia kioo. Mimi nilikaa katikati, mti wa gia kati ya magoti, na kila mjomba alipoingiza namba mbili ilinibidi nisogeze mguu. Utingo alikuwa nyuma chini ya turubai, amelala juu ya nazi. Mtu analalaje juu ya nazi, sijajua mpaka leo.

Pangani hadi Muheza sitaisimulia. Ni tope, na tope la barabara moja halitofautiani na la nyingine. Muheza tulinunua machungwa. Tulipopita Hale mjomba alinyoosha kidevu upande wa mto, akasema, "Pale maji yameajiriwa, mjomba." Alikuwa na maana ya mitambo ya umeme: ule wa Hale, wa megawati 21, uliokuwa ukifanya kazi tangu 1964, na ule mpya wa maporomoko ya Pangani, wa megawati 68, uliowashwa miaka mitatu tu kabla ya safari yetu. Kumbe maji yaliyokuwa yakituchafulia kaptula yalikuwa yamekwisha kuwasha taa za watu kabla hayajatufikia. Niliuonea mto heshima fulani, kama mtu anayegundua kwamba jirani yake mlevi aliwahi kuwa mwalimu.

Mombo tulifika alasiri. Mombo ni nyika. Wasambaa wameigawa dunia yao mara mbili: nyika, kule chini kwenye joto, mbu na mkonge, na Shambaai, mlimani kwao, penye ubaridi na migomba. Wajerumani waliifikisha reli ya kutoka Tanga hapo Mombo mwaka 1905, wao wenyewe wakakimbilia baridi ya juu, Lushoto, wakapaita Wilhelmsthal. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 tu, lakini katika hizo unapanda karibu mita elfu moja. Nusu ya kwanza, hadi Soni, barabara imebanwa ndani ya korongo: mkono mmoja ukuta wa mwamba uliochongwa, mkono wa pili hewa, na chini ya hewa hiyo mto. Magari mawili makubwa hayapishani kila mahali. Ukikaribia kona unapiga honi, unasikiliza kama umejibiwa.

Siku ile mlima wenyewe haukuonekana. Palikuwa na wingu jeusi limekaa mahali pake, nasi Mombo tulikuwa tunapata manyunyu tu ya pembeni.

Mjomba hakupanda. Aliegesha gari, akakunja suruali, akashuka hadi ukingoni mwa mto ule utokao korongoni, nami nyuma yake. Akachota maji kwa kiganja, akayaacha yapite kati ya vidole, akatazama kilichobaki.

"Maji ya msituni hushuka yameoga," akasema. "Haya yamebeba shamba la mtu."

Akaokota kijiti, akakichomeka pale maji yalipoishia. Kisha tukaenda kukaa kwenye banda la mama ntilie, na akaagiza chai.

Tulikunywa ya kwanza, tukanywa ya pili. Dereva mmoja wa Kosta ya abiria alikuja kununua sigara, akamtania: "Mzee, umeogopa mvua ya kwenu?" Mjomba akamjibu kwamba mvua haiogopi, anaogopa udongo. Yule akacheka, akaondoa gari, abiria wake wakitupungia mikono. Mimi niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Kazi yangu ilikuwa kwenda kutazama kijiti. Mara ya tatu nilirudi mbio: maji yamepungua, yameshuka shibiri nzima chini ya kijiti! Nilidhani nimeleta habari njema.

"Mvua juu imekatika?" mjomba akauliza.

Nikageuka. Lile wingu lilikuwa pale pale.

"Haijakatika."

"Basi maji yamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, wala yeye hakunipa. Alikwenda haraka ukingoni na kuwafukuza watoto waliokuwa wakiokota kuni zilizoletwa na mto, akiwapigia kelele kwa Kisambaa. Muda si mrefu maji yakarudi, na yalirudi kwa sauti kwanza: mngurumo wa mawe yanayobingirika chini ya maji, kisha ukuta wa tope wenye magogo, vigogo vya migomba, na kitu nilichokitambua kuwa ni mlango. Kijiti sikukiona tena. Huko juu ardhi ilikuwa imeporomoka ikauziba mto, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakapasua. Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba mto umepungua huku mvua inanyesha, moyo hunilipuka.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo mjomba, mjuzi wa maji, alitulaza Mombo. Hakufanya hivyo. Arobaini ilikuwa kesho yake, na dada yake alikuwa amekaa mbele yake hasemi kitu, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Saa kumi na moja jioni alisimama, akalipa chai, akasema, "Haya, dada. Bismillahi."

Korongo lile chini ya mvua ni kitu ambacho sijakiona tena, na nimelipita mara nyingi. Kila mpasuko wa mwamba ulikuwa umekuwa mto. Maji yalianguka juu yetu, mbele yetu, ng'ambo ya bonde. Mengine mapana yenye kelele, mengine membamba kama uzi mweupe unaoning'inia kutoka winguni, na upepo ukiyashika yanayumba, hayafiki chini. Penye kona moja maji yaliruka ukingo wa mwamba yakapita juu ya barabara, tukayaendea kwa chini kana kwamba tunaingia mlangoni kwa mtu. Nilihesabu maporomoko hadi 23, nikaacha. Mama alikuwa akisoma Ya Latifu kwa sauti ndogo. Mjomba alikuwa ameshusha kioo, kichwa nje, analowa; alisema waipa inamwonyesha barabara, lakini mlima lazima ausikilize. Mimi nilikuwa na furaha ambayo hadi leo naionea haya kidogo.

Utingo akagonga paa la kabini mara mbili. Mbele yetu ile Kosta ilikuwa imesimama, taa zinamweka, abiria wako barabarani. Mbele ya Kosta hapakuwa na barabara. Palikuwa na shamba.

Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Kipande cha mlima kilikuwa kimeteleza juu ya mwamba wake, kikaja kukaa juu ya lami, na hakikupinduka. Migomba minne ilikuwa imesimama wima, majani yake yanatikisika kwa mvua, mmoja una mkungu. Chini yake magimbi. Palikuwa hata na jembe, limekaa vile vile lilivyoachwa. Hakuna aliyekuwa chini yake, alhamdulillahi. Kosta ilifika kukiwa kumekwisha kuanguka. Dereva wake hakututania tena.

Wanaume walishuka na kuanza kusafisha. Kila gari linalopanda huko wakati wa masika hubeba sepeto na panga, ndiyo bima yenyewe. Walichota udongo na kuutupa upande wa pili, kwenye hewa, nasi tukausikia ukifika mtoni baada ya kitambo kirefu. Walikuwa wamekwisha kuukata mgomba wa kwanza ndipo mwanamke mmoja alipoteremka kwa njia ya miguu, kandili mkononi, gunia limemfunika kichwa na mabega. Alisimama juu ya lami akaangalia. Kisha akamwambia mama jambo kwa Kisambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia bei ya chumvi. Mama alinieleza baadaye: alisema, hili ni langu.

Hakulia wala hakugomba. Aliomba tu migomba isitupwe, iwekwe kando, ataipandisha kesho. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuchimbua magimbi. Mama akafunga kanga kiunoni, akashuka, akapiga magoti upande wake. Mimi nilishikishwa kandili. Nimewahi kuona watu wakivuna mashambani, majarubani, baharini; barabarani niliona usiku ule tu, wanawake wawili wasiojuana wakivuna mbele ya taa za Kosta.

Na huku nyuma yao masepeto yakiendelea: udongo, hewa, mto. Ndipo hesabu ilipokaa sawa kichwani mwangu. Mto huu unakwenda Mkomazi, Mkomazi unaingia Pangani, Pangani unapita Hale na kufika kwetu. Baada ya siku kadhaa shamba la mama yule lingekuwa linapita mbele ya kivuko cha Bweni, na wenzangu wangekuwa wanaoga ndani yake.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo haya mawili. Maporomoko ya maji ni yale ambayo watu hulipa nauli kwenda kuyatazama. Maporomoko ya ardhi ni yale ambayo watu hukimbia. Shuleni tulifundishwa kama maana mbili. Kwenye korongo la Soni sioni mbili. Mvua inashuka kwenye mteremko. Penye msitu inashikwa na mizizi na majani yaliyooza, inaachiliwa kidogo kidogo, nayo hufika kwenye mwamba ikiwa maji matupu. Penye mteremko uliolimwa hadi juu inapenya, udongo unalewa, unakuwa mzito, na chini yake mwamba umelowa kama sakafu iliyomwagwa sabuni. Kinachofuata ni swali la saa tu. Mpita njia huona uzi mweupe umekuwa mwekundu akasema, tazama, leo yana rangi.

Soni tulifika alfajiri, njia ilipofunguka. Maporomoko ya Soni yako karibu kabisa na barabara, huhitaji hata kuyatafuta. Asubuhi ile yalikuwa mekundu na yalikuwa yananguruma hadi vioo vya gari vinatetemeka. Mjomba alisimamisha gari, nikadhani ananionyesha. Kumbe alikuwa anakojoa.

Arobaini ilisomwa. Magimbi mawili tuliyopewa na mama yule yalichemshwa, na bibi, aliyeniita mume wangu kama bibi wote wanavyowaita wajukuu, aliuliza yametoka wapi. Mama akamsimulia. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja: "Matuta."

Nilihitaji miaka mingi kulielewa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza mpango wa kuzuia mmomonyoko Usambara, kwanza bonde la Mlalo mwaka 1946, kisha kwingineko katika miaka ya 1950. Mteremko ulimwe matuta yaliyounganishwa, kwa vipimo, asiyelima atozwe faini. Ugonjwa wenyewe waliuona sawasawa, maana udongo ulikuwa unakwenda kweli. Lakini waliokaa na kupanga walikuwa wanaume, na waliopinda migongo kuchimba walikuwa zaidi wanawake, ambao wakati huo huo walitakiwa wapande chakula na walee. Bibi alikuwa mmoja wao. Alikuwa akionyesha kimo cha tuta kwa mkono, kwenye goti, akisema aliyelipima hakuwahi kushika jembe. Watu walikataa, walipelekwa barazani, wakakataa tena, na chuki ile ikawa kuni nzuri kwa chama cha TANU. Kabla ya uhuru mpango ulikwisha kuachwa, na matuta yakabaki kuwa neno la tusi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii: kwa kizazi kizima, mtu akitaja kuzuia udongo milimani alionekana anarudisha faini.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kitabu kizima juu ya mambo haya, Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameeleza semi mbili za Kisambaa ambazo bibi alizitumia bila kitabu: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Zamani zilihusu watawala wa ukoo wa Kilindi na mvua. Mtawala mwenye nguvu zisizopingwa huiponya nchi, mvua huja kwa kipimo chake. Nguvu zikipambana na nguvu, nchi huharibika, na njaa huingia. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka lile neno moja la bibi. Kwake mpango wa matuta ulikuwa nguvu iliyokuja kupambana, hata kama mkononi ilishika dawa.

Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine, uliosaidiwa na Wajerumani, wenye mwendo wa polepole zaidi: mistari ya majani ya guatemala kukata mteremko, ng'ombe wafungiwe na kuletewa majani hayo, miti katikati ya mazao. Mjomba aliyapanda. Hakuyapanda kwa ajili ya udongo, alikiri mwenyewe. Aliyapanda kwa sababu ng'ombe wake aliyapenda. Mteremko wake haujawahi kuja barabarani. Wa jirani yake, aliyeng'oa majani ili aongeze matuta manne ya kabichi bei ilipopanda Kariakoo, umeshuka mara mbili. Siwezi kumlaumu yule jirani. Nimekula kabichi hizo Dar es Salaam nikilalamika ni ghali.

Siku hizi wageni wakija, mimi ndiye ninayewapeleka Lushoto. Wanataka Irente, wanataka kupiga picha Soni. Nimejaribu kuwasimulia habari ya lile shamba lenye migomba wima, lakini sijafaulu. Ama nimeisimulia nao wakiwa na njaa, ama jua linawaka na maji meupe yanaanguka kwa adabu, na habari za tope zinakuwa kama kumtaja mgonjwa harusini. Rafiki yangu mmoja aliniambia kwa upole kwamba nimeyazoea mno maporomoko ndiyo maana sifurahii. Nafurahi. Bado nahesabu, na sijafika 23 tena.

Mwaka juzi, masika, nilikuwa nampeleka binti yangu kumwona mjomba, ambaye sasa haendeshi tena, magoti yamekataa. Mombo tulikuta mvua na foleni fupi ya magari, na vijana wa bodaboda wakisema njia iko wazi, watu wanapita. Nilishuka, nikampigia mjomba simu nikiwa ukingoni mwa mto.

"Shikamoo, mjomba. Tuko Mombo. Wanasema njia safi."

"Marahaba. Maji yana rangi gani?"

Nikainama, nikachota. Binti yangu alikuwa ananitazama kutoka kwenye gari kwa macho ya mtoto anayeona aibu kwa niaba ya ukoo. Nikayaacha yapite kati ya vidole.

"Mekundu," nikasema. "Na yamebakiza mchanga."

Upande wa pili akanyamaza kidogo. Nilisikia mvua inapiga bati la nyumba yake.

"Basi agiza chai," akasema.